Sonona ya Majira: Nilivyojifunza Kuzisoma Dalili Zangu Mapema

Sonona yangu ya majira, ugonjwa wa akili unaorudi kila mwaka majira ya baridi mchana unapokuwa mfupi, haianzi na huzuni. Inaanza na usingizi. Mchana unapoanza kufupika, nalala mapema kuliko kawaida, naamka kwa shida, na hata nikilala saa nyingi mwili unabaki mzito. Kisha inakuja hamu ya vitu vitamu na vya wanga, tena usiku. Baada ya hapo ni simu: ujumbe wa rafiki nausoma, najiambia nitajibu baadaye, kesho yake nausoma tena na bado sijibu. Huzuni yenyewe inafika nyuma ya haya yote, wiki kadhaa baadaye, wakati nguvu za kupambana nayo zimeshakwisha.

Mfuatano huo niliugundua kwa daftari. Kila jioni naandika mistari michache tu: nimelala saa ngapi, nimetoka nje au sikutoka, nimeongea na nani, moyo ukoje. Nilipolinganisha miaka miwili, kurasa za majira ya giza zilifanana hadi maneno. "Sina faida kwa mtu" lilijitokeza miaka yote miwili, majira yaleyale, kisha likatoweka mwanga uliporudi. Kuliona vile kuliniletea nafuu kubwa. Maisha yangu hayakuwa yamebadilika kati ya kurasa hizo. Kilichobadilika kilikuwa urefu wa mchana.

Daftari hilo nililipeleka kwa daktari, na lilisaidia kuliko maelezo yangu ya mdomo, kwa sababu ugonjwa huu hutambuliwa kwa kujirudia kwake. Kitaalamu ulielezwa mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani. Rosenthal mwenyewe alikuwa amehamia huko kutoka Afrika Kusini, na alijiona akiishiwa nguvu kila majira ya baridi. Habari hiyo ilinigusa sana: mtaalamu aliyeanza kwa kujichunguza mwenyewe.

Maelezo ya daktari yalikuwa mepesi kuelewa. Mwanga unaoingia machoni asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo. Ukipungua, saa hiyo inachelewa, na melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usiku, inaweza kuendelea kutolewa hata asubuhi. Ndipo tukaanza na taa ya tiba: yenye nguvu ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), kama dakika 30 mara baada ya kuamka, iwe mbele yangu kidogo upande, bila kuikodolea macho. Taa za kawaida za nyumbani hutoa lux mia chache tu. Nje, hata siku ya mawingu, mara nyingi hupita 1,000, kwa hiyo natembea mchana hata anga likiwa limenuna. Ila taa hiyo usijinunulie tu bila kuuliza: mwenye ugonjwa wa macho, au ambaye hali yake ya moyo, yaani hisia zake, hupanda na kushuka kwa kasi, inaweza kumdhuru.

Taa inaushughulikia mwili. Mawazo yanataka kazi nyingine, na kwangu hii ndiyo ngumu zaidi. Wazo zito likija, naliandika lilivyo, na pembeni naandika saa na hali ya siku. "Wamenichoka wote. Saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, sijatoka nje tangu jana." Nikilisoma hivyo, wazo halitoweki, lakini silichukulii tena kama hukumu. Nimejiwekea pia sharti: katika miezi hiyo siachi kazi, sivunji uhusiano, wala simjibu mtu kwa hasira. Uamuzi mkubwa unangoja mchana urefuke.

Dalili zangu nimemweleza pia mdogo wangu, kwa sababu kuna siku daftari lenyewe silifungui. Akiona nimekuwa kimya ananipigia: "Dada, leo umetoka nje?" Hanihubirii. Nikisema sijatoka, anabaki kwenye simu mpaka nivae viatu.

Daftari lina mpaka wake. Mwaka mmoja niliandika kwamba afadhali nisingeamka. Siku hiyohiyo nilimpigia daktari, tukaongeza dawa na mazungumzo na mwanasaikolojia. Ukijikuta na wazo la aina hiyo, usikae nalo ukilichunguza peke yako. Mwambie mtu sasa hivi, uende hospitali.

Mwanga ukirudi naendelea kuandika, maana ninahitaji kujua inaondoka lini, si inakuja lini tu. Usingizi ndio unaotangulia kupona. Moyo hufuata baadaye, na ujumbe wa marafiki naanza kuujibu palepale nikiusoma.