Kidonge unachomeza bado hakijawa dawa

Wengi tunajua ukimeza dawa ya virusi inaenda moja kwa moja kupambana, kumbe nyingi zikiingia mdomoni haziwezi kukifanya kirusi chochote, mpaka vimeng'enya vya mwilini vizikate huku, vizibandike fosfeti (kipande kidogo chenye fosforasi) kule, ndo zinakuwa dawa. Na utamu wote wa hii mada kwangu mimi uko kwenye swali moja tu, zinakatwa WAPI?

Anza na asikloviri, ile ya hepesi na mkanda wa jeshi. Inahitaji fosfeti tatu, na ya kwanza inabandikwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, thaimidini kinase, vya kwetu vinakuja kumalizia mbili zilizobaki. Yaani kirusi kinajichimbia kaburi, na seli isiyo na kirusi dawa inaipita hivihivi. (Gertrude Elion, ambaye maabara yake ilihusika na hii kitu, alipata Nobel 1988, na alistahili.) Ubaya wake utumbo unaipitisha kidogo sana, asilimia 10 hadi 20 hivi, ndo wakaibandika amino asidi inaitwa valini, utumbo ukaipokea kama kipande cha protini, vimeng'enya vya utumbo na ini vikaing'oa hiyo valini, na asikloviri inayofika kwenye damu ikapanda mpaka asilimia 54 hivi.

Sasa tenofoviri, ya VVU na homa ya ini B, hii ndo naipenda zaidi. Yenyewe ina chaji ya umeme kwahiyo ukuta wa utumbo hauitaki, ikabidi ifunikwe. Kifuniko cha kwanza, disoproksili, kinakatwa na vimeng'enya vya esterasi ambavyo viko kila mahali, utumboni, kwenye damu, kwahiyo tenofoviri inazagaa kwenye damu kabla haijafika inakotakiwa na figo ndo zinabeba mzigo, na mifupa pia. Kidonge chake ni miligramu 300. Baadae ikaja alafenamidi, kifuniko kinachovumilia damu na kukatwa ndani ya seli za kinga zenyewe na kimeng'enya kinaitwa kathepsini A, kulekule VVU inakozaliana, na dozi ikashuka mpaka miligramu 25! Tenofoviri ya kwenye damu ikapungua kama asilimia 90. Dawa ni ileile jamani, kilichobadilika ni mkasi na mahali ulipo.

Remdesiviri, ya UVIKO-19, nayo ukiimeza ini linaimaliza kabla haijaenda popote, ndo maana ni ya kuchomwa kwenye mshipa tu.

Halafu kuna upande wa kuvunjwa, ambao watu wanausahau kabisa. Japani mwaka 1993 ilitoka sorivudini, dawa ya mkanda wa jeshi, bakteria wa utumbo wakawa wanaivunja na kutoa kipande kinachoua kimeng'enya cha ini kinachosafisha fluorourasili, dawa ya saratani. Wagonjwa waliotumia zote mbili, fluorourasili ikajaa mwilini mpaka ikawa sumu, wakafa zaidi ya 10 ndani ya wiki chache na dawa ikaondolewa sokoni. Ndugu yake brivudini bado inatumika baadhi ya nchi za Ulaya na inatoa kipande kilekile, kwahiyo ukishaimaliza lazima zipite wiki 4 ndo uguse fluorourasili.