Kunde kwenye unga wa maandazi

Ilikuwa Oktoba 2017, Tanga, mimi ndo kwanza nina miezi minne kwenye kazi ya unesi. Shangazi yangu ni mwenyekiti wa kikoba mtaani kwetu, akanambia mwanangu Jumamosi njoo utufundishe kujipima maziwa maana mwezi huu kila ukifungua redio ni kansa kansa na hakuna anayeelewa kitu, nikasema sawa shangazi ntakuja, kumbe najipalia makaa.

Kazini tulikuwa na lile titi la plastiki la kufundishia ila lipo kabatini na mwenye funguo kaenda likizo (si unazijua ofisi zetu). Basi Ijumaa usiku nikakanda unga wa ngano kama wa maandazi, ule laini laini, nikatengeneza madonge mawili makubwa. Moja nikaliacha hivohivo, la pili nikazamisha kunde moja kavu chini kabisa, nikafunika yote na kipande cha kanga kuukuu. Nilijiona mjanja sana.

Jumamosi wanawake wamejaa uani, kama 30 hivi, mkeka hautoshi, shangazi kawafukuza wanaume na watoto wote wa kiume hadi yule wa miaka mitatu. Kwanza hisa zikanunuliwa, hela zikahesabiwa, sanduku likafungwa kufuli zake tatu, ndo nikapewa nafasi. Pembeni yangu kakaa bibi mmoja, kungwi wa siku nyingi, amewacheza nusu ya wanawali wa mtaa ule, nikamwamkia shikamoo bibi akaitikia marahaba huku ananiangalia kama anasema haya tuone, kitoto hiki kitatwambia nini kuhusu maziwa.

Nikaanza. Ukimaliza siku zako, yani kama siku ya saba mpaka ya kumi tangu uone damu, ndo ujipime, maana kabla ya hapo ziwa linakuwa zito na lina vijidonge vyake vya kawaida utajitisha bure. Kama siku zimeshakoma chagua tarehe moja ya kila mwezi. Simama mbele ya kioo nyanyua mikono, angalia kama ngozi imeingia vishimo vishimo kama ganda la chungwa, na hapo nikawaambia lile la Muheza lenye ganda nene, wakacheka. Angalia chuchu iliyorudi ndani wakati zamani haikuwa hivo, au inatoa damu. Kisha lala chali, mto chini ya bega, tumia vidole vitatu vya kati, sio ncha, ile sehemu laini, bonyeza kama unavyobonyeza embe kujua limeiva, kwanza juu juu halafu kwa nguvu kidogo mpaka usikie mbavu, na usisahau kwapani.

Bibi kungwi akasema, "Embe tunalijua mwanangu, lete hilo andazi lako." Yakapita mkono kwa mkono, kelele, vicheko, mmoja anasema hili la mume wangu, hadi yakafika kwa mama anayetuuzia vitumbua asubuhi. Hakucheka. Akaweka vidole juu ya kanga, hata sekunde tano hazikufika, akasema, "Hii hapa. Na yangu kubwa kuliko hii."

Uwanja ukanyamaza.

"Ninayo tangu mfungo wa mwaka jana. Kuiona nimeiona sista, sikuhitaji andazi. Nambie naenda nayo wapi, na nikienda wananifanyaje?"

Wallahi hilo swali sikuja na jibu lake. Nilijiandaa kufundisha vidole. Na kumbe yeye kafungua bomba, yakaanza kumwagika, huyu anasema kansa ikiguswa kisu tu inasambaa, yule anasema wifi yake alipelekwa Dar, hospitali ya kansa pale Ocean Road, akarudi kwenye sanduku. Nikawaambia ninachokijua, kwamba uvimbe mwingi wa ziwa sio kansa, mwingine maji matupu, ila kwa kuugusa huwezi kujua mpaka upimwe, na kisu hakisambazi, wengi wetu tunafika huko ugonjwa umeshatembea ndo maana inaonekana kama hospitali ndo imeua. Na kwa miaka mingi mionzi ya kutibu kansa nchi nzima ilikuwa pale Ocean Road tu, sasa mtu wa Tanga atoke na nauli yake kilomita 350 hivi, alale wapi, watoto amwachie nani. Hapo hata mimi niliishiwa.

Bibi kungwi ndo akaniokoa. "Maneno yametosha. Jumatatu nani anampeleka?" Wakaita wenye funguo watatu, sanduku likafunguliwa tena, ikatoka 20,000 kwenye mfuko wa jamii, katibu akaandika.

Jumatatu tukaenda hospitali na bajaji, mimi, bibi na mama vitumbua. Altrasaundi kwanza, halafu daktari akachoma sindano, akavuta, bomba likajaa maji ya rangi kama chai iliyopauka, na lile donge likanywea tunaliona. Mama vitumbua akaliangalia lile bomba weee. "Yani mwaka mzima silali kwa ajili ya haya maji?"

Miaka baadaye nilikuja kusoma kuhusu utafiti wa Shanghai uliotoka 2002, wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo, nusu wakafundishwa kujipima vizuri kabisa na nusu hawakufundishwa, vifo vya kansa ya matiti vikawa karibu sawa pande zote mbili. Wengine waliposoma walishangaa. Mimi nikamkumbuka mama vitumbua na andazi langu.

Jumamosi iliyofuata akarudisha chenji, 4,500, kainyoosha vizuri noti kwa noti, katibu akaandika daftarini. Shangazi alikuwa anatafuta kufuli ya tatu, na mwanamke mmoja wa kule nyuma, ambaye wiki ile hakufungua mdomo hata kucheka, akanyoosha mkono akauliza kama hiyo hela iliyorudi anaweza kupewa yeye.