Siku moja na simu ya mzee wa Mpunguzi

Saa 12:20 asubuhi

Upepo wa Agosti umeamka kabla yangu. Meza ya chumba changu hapa Ilazo, Dodoma, imeshapata unga mwekundu, na juu ya unga huo simu tano zimelala kifudifudi, zote zinanyonya ekstensheni moja. Siku nahamia, jirani aliponiona nimezibeba kwenye beseni aliniuliza kama huwa nakopesha watu hela na kushika simu zao rehani. Mpaka leo sina hakika kama aliniamini.

Natengeneza programu za simu. Ninayoshughulika nayo sasa ni ya kikundi cha wakulima wa zabibu: mpimaji anaweka kreti kwenye mizani, anaandika kilo, anapiga picha ya mizani, anahifadhi. Basi, hakuna kingine. Lakini zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, msimu huu wa pili umeshaanza, na zabibu iliyokatwa haimsubiri msanidi programu amalize kujitetea.

Jana usiku mpimaji wa Mpunguzi alinipigia. "Binti yangu, hii aplikesheni yako nikipiga picha inajifunga. Nimejaribu mara nne." Kwangu haijawahi kujifunga. Nikamwomba aje nayo mjini.

Saa 1:30

Chai ya rangi, chapati mbili, kisha naziandaa simu. Wengi wanaojifunza kazi hii hutegemea emuleta, ile simu ya kuigiza inayoishi ndani ya kompyuta. Mimi kompyuta yangu ina RAM ya GB 8, nikiiwasha emuleta feni inalia kama mashine ya kukoboa. Na hata ingekuwa na nguvu, emuleta haina vumbi, haijajaa picha za harusi, na betri yake haifi.

Simu mpya ikiingia mezani huanza na ibada ileile. Naingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, natafuta mstari wenye namba ya toleo, naugonga mara saba. Menyu ya wasanidi, iliyokuwa imefichwa, inatokea. Kwenye Samsung mstari huo umejificha ndani zaidi, kwenye taarifa za programu ya simu. Kwenye Xiaomi za zamani kidogo unagonga toleo la MIUI, mfumo wa Xiaomi wenyewe, na baadaye utadaiwa ruhusa nyingine ya kusakinisha kwa USB. Ndani ya menyu hiyo nawasha utatuzi wa USB, ruhusa ya kompyuta kuiamuru simu kupitia waya, na lile chaguo la kioo kutozimika simu ikiwa kwenye chaji, maana hakuna kinachochosha kama kufungua paterni ya simu tano kila baada ya nusu dakika.

Halafu waya. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima mwaka wangu wa kwanza. Waya nyingi za mtaani zina nyuzi mbili tu, za umeme. Zile mbili za kupitisha data hazimo. Simu inachaji vizuri kabisa na kompyuta haiioni. Nilisakinisha upya kila kitu isipokuwa ukuta wa chumba. Siku hizi waya ikishafaulu mtihani naipaka rangi nyekundu ya kucha shingoni. Isiyo na rangi ni ya kuchajia tu, na mgeni akiomba chaji ndiyo anayopewa.

Kwenye kompyuta naandika `adb devices`, amri ya kuuliza ni simu zipi zimeunganishwa. Simu nne zinajibu `device`. Ya tano inasema `unauthorized`, yaani waya ni mzima ila simu bado haijakubali kuiamini kompyuta hii. Nafungua kioo chake, naona swali linanisubiri, naruhusu. Tano kwa tano.

Saa 4:05

Mzee ameshuka Sabasaba, bodaboda kamleta mpaka getini. Shikamoo, marahaba, habari za safari, habari za huko, mvua mliishia wapi, mama hajambo. Hayo hayarukwi. Ndipo anatoa simu ndani ya mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu.

Android ya zamani, RAM ya GB 1. Kioo kina ufa unaoanzia kona ya chini kulia na kupanda kama mto Kizigo ulivyochorwa kwenye ramani. Nafasi imebaki MB 300 na ushee. Kabla ya kunikabidhi anatoa laini, anaiweka kwenye kitochi chake. "Hela zangu zinakaa humu," anasema. Nampenda kwa hilo. Simu ya mtu ikiwashwa utatuzi inakuwa mlango ulioegeshwa, na mwenye nyumba ana haki ya kuhamisha sanduku lake kwanza.

Namwambia agonge mwenyewe, mara saba.

"Saba?"

"Saba, mzee."

Anagonga kwa kidole cha shahada, polepole, anahesabu kwa sauti. Ya saba ilipofika na maandishi yakatokea akacheka. "Kama kuta za Yeriko."

Anaondoka kwenda Majengo kununua salfa ya shamba. Atarudi jioni.

Saa 4:40

Nachomeka waya wenye rangi. Inachaji. Kompyuta kimya. Nabadilisha waya, kimya. Namulika tundu la chaji kwa tochi: limejaa. Natoa kwa njiti ya meno, taratibu, simu ikiwa imezimwa, na kinachotoka ni udongo wa Mpunguzi ulioshindiliwa kama tofali. Tundu lile la micro-USB lina pini tano. Zile za pembeni zinapeleka umeme, za data ziko katikati. Vumbi lilikuwa limezifunika za katikati.

Sasa kompyuta imeiona, lakini swali la kuruhusu limetokea na kitufe chake kiko kona ya chini kulia, palepale kwenye ufa, ambapo kioo hakisikii kidole. Nabonyeza, nabonyeza kwa nguvu, nabonyeza kwa hasira. Hakuna. Nikakaa nikaitazama. Kisha nikaigeuza simu ilale ubavu. Swali likageuka nalo, kitufe kikahamia upande mzima wa kioo, nikaruhusu. Dakika ishirini zimekwenda na sijagusa hata mstari mmoja wa kodi. (Kodi ya programu. Ile nyingine haisahauliki.)

Saa 5:15

Nafungua `adb logcat`, ile kumbukumbu inayomwagika kila simu inapofanya jambo. Naingiza kilo 22, nagusa picha, kamera inafunguka. Naangalia kompyuta, siangalii simu. Mstari unapita: programu yangu, `has died`. Imekufa hapohapo, kamera ingali wazi! Napiga picha ya kikombe cha chai, nakubali, Android inaifufua programu yangu ili iipokee, na papo hapo: `FATAL EXCEPTION`, na chini yake `NullPointerException`, yaani programu imetafuta kitu ikakuta hakipo, mstari wa 143 wa kodi yangu.

Kwenye simu ya GB 1 kamera ni mgeni mnene. Ikiingia, mfumo unatafuta wa kumtoa nje ili ipate nafasi, na wa kwanza kutolewa ni aliyejificha nyuma, ambaye ni mimi. Hilo ni jambo la kawaida la Android, si kosa la simu ya mzee. Kosa ni langu: jina la faili la picha nililiweka kwenye kumbukumbu ya programu hai. Programu ikifa, jina linakufa nayo. Inaporudi inaulizwa "picha iko wapi?" na haijui hata kama iliwahi kuomba picha.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimelipima jambo hili. Kwenye menyu ya wasanidi kuna chaguo la kutobakiza ukurasa wowote ukishauacha, na mimi huliwasha kila mara. Lakini lile huua ukurasa tu, programu yenyewe inabaki hai, na jina langu la faili lilikuwa limekaa kwenye programu, nje ya ukurasa. Nilikuwa nimefunga dirisha nikaacha mlango, kisha nikajisifu kwamba nyumba imefungwa.

Najaribu kwenye simu yangu nzuri. Nafungua kamera, kwenye kompyuta naandika `adb shell am kill` na jina la programu ili niiue kwa makusudi, narudi kupiga picha. Inajifunga, mstari uleule wa 143. Amri moja. Ningeijaribu Julai, mzee asingepanda gari leo.

Saa 8:00 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie wa kona. Sina la kusimulia.

Saa 8:40

Marekebisho yenyewe ni mistari kumi na moja. Jina la faili linaandikwa kwenye hifadhi ya simu kabla kamera haijaitwa, na programu ikifufuka inalisoma. Pia kilo zilizoandikwa zisipotee.

Saa 9 na robo umeme ukakatika. Kompyuta ina betri ya saa mbili na simu zinanyonya kupitia waya, kwa hiyo nachomoa zote. Simu zangu mbili zina Android 11 kwenda mbele, hizo naziunganisha bila waya: zote ziko kwenye hotspoti moja, simu inatoa tarakimu sita, nazinakili kwenye `adb pair`, imekwisha. Ya mzee ni ya zamani, lazima waya. Naiachia hiyo peke yake, na bando langu lililobaki nalihurumia.

Nasakinisha. Simu inagoma, nafasi haitoshi. Naondoa toleo la zamani? Hapana: humo mna vipimo vya siku mbili ambavyo havijapanda kwenye seva. Siigusi hata picha moja ya mzee bila ruhusa yake. Nampigia kwenye kitochi. "Futa zile video za kwaya," anasema, "za mwaka juzi. Za mwaka jana ziache." Nafuta za mwaka juzi tu, nazitazama tarehe mara mbili, nasakinisha juu ya ile ya zamani. Vipimo vyote vipo.

Kamera inafunguka. `Has died`. Kikombe cha chai. Programu inafufuka, na picha ya kikombe imekaa mahali pake, kilo 22. Narudia mara kumi. Inakufa mara kumi, inarudi mara kumi.

Saa 11:10 jioni

Mzee amerudi na salfa yake. Namwonyesha nikiua programu kwa makusudi naye anapiga picha ya mfuko wa salfa. Anaridhika. Kabla sijamrudishia nafanya mambo mawili mbele yake: nafuta ruhusa zote zilizotolewa kwa kompyuta, kisha nazima menyu nzima ya wasanidi. Kuna programu za benki zinazokataa kufunguka zikiona menyu hiyo imewashwa, na sitaki nipigiwe usiku nikiulizwa hela zimekwenda wapi. Laini inatoka kwenye kitochi, inarudi nyumbani kwake. Simu inaingia kwenye nailoni, mikunjo mitatu.

Saa 3:25 usiku

Umeme ulirudi saa moja. Nimeshavua miwani, ujumbe unaingia: "Imekubali. Nimepima ndoo ya mahindi na picha imekaa. Ila mjukuu wangu amenikuzia maandishi nione vizuri, sasa ile sehemu ya kuhifadhi siioni."

Navaa miwani. Nachukua simu ya kwanza inayokuja mkononi, naongeza ukubwa wa maandishi mpaka mwisho, nafungua programu yangu. Kilo, picha, jina la mkulima, vyote vikubwa, vinapendeza. Kitufe cha kuhifadhi kimesukumwa chini, nje ya kioo, na ukurasa hausogei.