Umeme ukikatika, Leaf iendeshe friji

Magari ya umeme ya Nissan Leaf yenye betri kubwa ya kWh 24, yaliyotumika Japani, hayana soketi ya kutolea umeme wa nyumbani, lakini njia ipo: inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) ya wati 1000, ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa gridi, iliyofungwa kwenye betri ndogo ya volti 12. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa. Humo mna volti karibu 400, zinaua.

Weka gari P, funga hendibreki, kanyaga breki uwashe mpaka gari liwe tayari kuondoka. Likiwa limezimwa, betri kubwa haiijazi ile ndogo, nayo huisha upesi. Kiyoyozi zima.

Wati 1000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampia 80, na hapa ndipo wengi hukosea. Waya mwembamba hupata moto, volti hushuka, na friji inapoanza kunguruma tu, inveta hulia na kujizima. Tumia waya wa shaba wa milimita mraba 35, usiozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampia 125 karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Friji, taa na ruta chomeka kwenye inveta yenyewe. Ukiusukuma umeme ukutani bila swichi ya chenjiova, ile inayotenga nyumba na laini ya mtaani, unarudi mtaani, na fundi aliye juu ya nguzo anapigwa.