Choo cha paki kilivyonisaidia kufundisha f(x) = 5

Hisabati za sekondari ndizo kazi yangu hapa Busia, upande wa Uganda, na katika yote ninayofundisha, kilichonitoa jasho kuliko vyote ni fanksheni isiyobadilika, kama f(x) = 5: uingize x yoyote, jibu ni 5 tu. Mlinganyo wenye x mraba wanafunzi wanapigana nao mpaka unakubali. Lakini andika f(x) = 5, uliza f(2) ni ngapi: huyu 10, yule 7. Wamezoea kwamba namba ikiingia lazima ifanyiwe kitu.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: waambie hiyo si fanksheni, ni namba tu, maana haina x. Uongo mtupu, na mwanafunzi akiubeba mpaka mtihani utamponza. Fanksheni inadai kila kinachoingia kipate jibu moja tu. Haijadai majibu yatofautiane.

Ushauri wa pili ulikuwa na sura nzuri: tumia bei isiyobadilika. Nikachukua chapati ya shilingi 500. Asubuhi 500, jioni 500, nikaona nimepata. Nikawaambia wachore grafu ya unacholipa kwa idadi ya chapati. Wakachora mstari unaopanda kama kilima: 500, 1000, 1500. Nikawa tayari kukosoa madaftari, kalamu nyekundu mkononi, kumbe wao ndio sahihi! Nilichowapa ni y = 500x. Kisichobadilika pale ni bei ya chapati moja, yaani mteremko wa mstari, kiasi unachopanda kwa kila chapati. Jumla inapanda kila unapoongeza chapati. Nikafuta ubao kwa uso wa mtu aliyepanga yote tangu jana.

Dawa ilikuwa choo cha kulipia kwenye paki ya teksi. Tuseme ni shilingi 500 mlangoni, na x ni dakika utakazokaa. Dakika 1, unalipa 500. Dakika 4, 500. Dakika 20 kwa sababu ya maharage ya jana, 500. Darasa likishacheka, limeelewa nusu. Jedwali linatoa (1, 500), (4, 500), (20, 500), na rula inaziunganisha kwa mstari uliolala sambamba na mhimili wa x. Wapo watakaosimamisha mstari wima, kwa sababu wanatafuta 500 kwenye mhimili wa kwanza wanaoukuta. Huo wima si fanksheni kabisa: x moja ina majibu yasiyo na idadi.

Sasa hila ninayojivunia. Nauliza kwa kurudi nyuma. "Nimelipa 1500 kwa mama chapati, nimekula ngapi?" Darasa zima: "Tatu!" "Haya, nimelipa 500 chooni, nimekaa dakika ngapi?" Kimya. Mmoja anakisia tano, mwenzake anamcheka, kisha kutoka nyuma: "Mwalimu, hiyo hatuwezi kujua." Hapo nafunga kitabu kwa muda. Kila x imeangukia jibu lile lile, kwa hiyo jibu halikuonyeshi x ilikuwa ipi. Ndiyo maana fanksheni hii haina kinyume, na ndiyo maana chapati si mfano wake.

Kwa wasiotulia bila kuiona x, andika f(x) = 0x + 500. Weka 20: sifuri mara 20, jumlisha 500. Mteremko nao: (500 − 500) ÷ (20 − 4), ni 0 ÷ 16, sifuri. Wakifika kwenye kalkulasi, hisabati ya mabadiliko, ambako x huongezewa kidogo kiitwacho h, wataandika f(x + h) = 500 + h, uwaangalie. Ni 500 tu, h imemezwa kama dakika za chooni.

Kuchaji simu kibandani kunafaa pia, kama mwenye kibanda hatozi kwa saa: uingie na asilimia 3 au 60, bei moja. Boda haifai, nauli inafuata umbali. Ada ya kutuma pesa kwa simu ni mtego mtamu: ndani ya kiwango kimoja ada haisogei, ukivuka mpaka wa kiwango inaruka. Grafu yake ni ngazi. Kila kidato kimelala, lakini ngazi nzima si fanksheni isiyobadilika.

Urefu wa mchana uwape wale wajanja, x ikiwa siku ya mwaka. Hapa karibu na ikweta ni kama saa 12 na dakika 7 mwaka mzima. Usichanganye na saa ya jua kuchomoza, hiyo inasogea karibu nusu saa kati ya Novemba na Februari. Chora mhimili wa y kutoka 0 hadi 24, mchana unaonekana mstari ulionyooka. Chora tena kutoka saa 12 na dakika 5 hadi saa 12 na dakika 9, na wimbi dogo linajitokeza. Ya choo, hata uikuze mpaka karatasi iishe, haitikisiki.