Betri ilipokufa Makambako na gari langu ni otomatiki

Makambako mwezi wa saba baridi yake inauma. Nililala pale nikitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, na asubuhi nilipozungusha ufunguo wa gari langu, Toyota IST, taa za dashibodi ziliwaka kwa kufifia, kisha ikasikika tik-tik-tik ya harakaharaka kutoka chini ya boneti. Stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, haikuzunguka.

Mlio huo ni vizuri kila dereva aujue. Maana yake betri bado ina umeme kidogo wa kuvuta solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, ila haina nguvu ya kuzungusha injini. Ukisikia "tak" moja nzito huku taa zikibaki angavu, huenda tatizo ni stata yenyewe, na hapo hata ukishtuliwa, yaani ukiazimwa umeme kwa nyaya, na betri kumi gari haliwaki. Taa zangu zilizidi kufifia kila nilipojaribu, basi nikaachana na stata, nikashika habari ya betri. Ilikuwa imeshazeeka, na baridi huipunguzia betri nguvu wakati uleule ambapo oili ya injini imekuwa nzito.

Vijana wa gesti wakaja kwa moyo mmoja kusukuma. Niliwashukuru, nikawazuia. Kusukuma ni kwa gari lenye klachi: unafungua swichi, unakanyaga klachi, unaingiza gia namba mbili, gari likishika mwendo wa mtu anayekimbia unaiachia klachi, injini inalazimika kuzunguka. Kwenye otomatiki ya kawaida gia hushikwa na presha ya oili, na pampu ya oili hiyo huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imezima hakuna kinachoshika, mtasukuma mpaka jua litue.

Uani hapakuwa na gari dogo, ila lori moja lililokuwa likielekea Tunduma. Nikamfuata dereva wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Betri hiyo, nimeisikia."

Nilimweleza wazi ninachokiogopa. Malori makubwa mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Gari dogo likipigwa volti 24, kompyuta yake inaweza kuungua pamoja na alteneta inayochaji betri, na betri yenyewe inaweza kupasuka.

"Kweli kabisa," akasema. "Ndiyo maana nitakupa moja tu."

Akafungua kifuniko cha betri ubavuni, akaniita nione. Alinionyesha ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi, akaipima kwa mita ya umeme kabla ya kugusa waya wowote: volti 12.6, betri iliyojaa. Lori akaliacha limezima, na magari hayakugusana. Mzee yule asingekuwa na mita, ningesubiri gari dogo lipite, hata kama ingekuwa saa sita mchana. Hili si la kukisia.

Nyaya tulizifunga hivi. Mwekundu kwanza kwenye chanya ya betri yangu, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri yake. Mweusi kwenye hasi ya betri yake, na ncha ya mwisho hatukuiweka kwenye betri yangu kabisa: tuliibana kwenye chuma kitupu cha injini yangu, mbali na betri. Ncha ya mwisho ndiyo hutoa cheche, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Tukasubiri dakika kadhaa betri yangu inywe kidogo. Nikapiga stata, ikazunguka kivivu, halafu injini ikashika. Nyaya tukazifungua kwa kurudi nyuma, tukianza na ile ya kwenye injini. Mzee alikataa hela, akakubali chai na chapati.

Sikuzima gari mpaka Iringa. Fundi akapima injini ikiwaka: volti 14.1, kwa hiyo alteneta inachaji sawasawa. Tukazima, tukaacha itulie, akapima tena: 11.9, baada ya safari yote ile. Betri imekufa kweli, wala hakuna haja ya kuipeleka ikachajishwe. Nikanunua mpya. Ule ukungu wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya nyaya fundi aliuosha kwa maji ya moto yenye magadi, maana magadi huua asidi, akakausha, akapaka mafuta mgando kabla ya kukaza kwa spana namba 10.

Kwenye buti sasa nina mita ndogo na nyaya zangu mwenyewe. Za kununua ni zile zenye shaba nene. Zile nyembamba zenye plastiki kubwa kwa nje hupata moto mkononi, na umeme mwingi huishia humo humo bila kuifikia stata.