Takwimu mbovu ni kumkosea mtu aliyekupa muda wake

Ukifungua notisi zozote za utangulizi wa mbinu za utafiti kwenye saikolojia mpangilio ni uleule, mwanzo aina za utafiti, katikati takwimu ambazo watu wengi wanazipita wamebana pumzi, alafu mwisho kabisa kurasa chache za maadili, ridhaa, usiri, haki ya kuacha muda wowote, basi mtihani. Mi naona mpangilio huu unatupoteza. Unafanya mtu aamini takwimu ni mambo ya hesabu na maadili ni mambo ya kujaza fomu ya kamati, wakati vyote viwili vinajibu swali moja tu, umemwita binadamu mwenzako akakaa kwenye kiti akajibu maswali yako, sasa unamlipa nini kwa ule muda na ile imani aliyokupa? Kama utafiti wako haukuwa na uwezo wa kujibu swali tangu siku ya kwanza, basi umemkosea hata kama fomu ya ridhaa ilisainiwa vizuri na jina lake limefichwa.

Maadili yenyewe yalivyoingia kwenye sheria ni historia ya kuumiza. Kanuni za Nuremberg za 1947 zilikuja baada ya majaribio ya madaktari wa Kinazi, na zilianza moja kwa moja na ridhaa ya hiari. Lakini kule Marekani, idara ya afya ya serikali ilikuwa tangu 1932 inafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee, 399 kati yao wana kaswende, hawakuambiwa wanaumwa nini, na hata penisilini ilipokuwa dawa inayojulikana miaka ya 1940 hawakupewa. Ikaendelea hivo mpaka 1972 habari zilipotoka kwenye magazeti. Huo haukuwa utafiti wa saikolojia, ila sheria ya 1974 na ripoti ya Belmont ya 1979 zilizofuata ndo zinatuongoza mpaka leo, kuheshimu watu, kuwatendea mema bila kuwadhuru, na haki, yaani mzigo wa utafiti usibebwe na wanyonge alafu faida ikaenda kwa wengine.

Kwa upande wetu mfano unaotajwa kila darasa ni wa mwanasaikolojia Stanley Milgram, chuo cha Yale, majaribio ya utii yaliyoanza 1961. Tangazo lilisema ni utafiti wa kumbukumbu na kujifunza, malipo dola 4.50, mtu akifika anaambiwa ampige shoti ya umeme mwenzake kila akikosea jibu, na mwenzake huyo alikuwa mwigizaji, hakuna umeme wowote. Kwenye ripoti ya 1963 wanaume 26 kati ya 40 walifika mwisho wa mashine, volti 450. Watu wengi wanaishia kwenye hiyo namba, asilimia 65, kama vile ndo habari yote. Mi huwa narudi kwenye maelezo ya Milgram mwenyewe kuhusu hali ya wale watu, wanatokwa jasho, wanatetemeka, wanauma midomo, wengine wanacheka kicheko cha woga ambacho hawawezi kukizuia. Mwanasaikolojia Diana Baumrind aliandika 1964 akauliza kitu rahisi kabisa, huyu mtu alikuja akijua anasaidia sayansi, nani alimpa mtafiti ruhusa ya kumrudisha nyumbani akiwa amejua jambo zito namna hiyo kuhusu nafsi yake, jambo ambalo hakuomba kulijua? Hilo swali halijazeeka. Kanuni za sasa haziyakatazi majaribio ya kumficha mshiriki ukweli, ila zinataka usiwe na njia nyingine ya kupata jibu, usimfiche kitu ambacho kitamuumiza, na umweleze ukweli mapema iwezekanavyo, tena ikiwezekana palepale kabla hajaondoka, na umpe nafasi ya kuondoa data zake.

Lakini angalia sharti lililojificha hapo. Kanuni hizohizo zinasema thamani ya utafiti iwe kubwa kuliko usumbufu wa mshiriki. Sasa thamani hiyo unaipimaje bila kuongelea takwimu? Huwezi.

Chukua mfano wa kawaida kabisa wa mwanafunzi, anataka kujua kama kulala baada ya kusoma listi ya maneno kunasaidia kukumbuka, anapata watu 40, anawagawa kwa bahati nasibu, 20 walale, 20 wakae macho. Kugawa kwa bahati nasibu ni jambo zuri sana na alifanye bila kuruka hatua, manake ndo kitu pekee kinachofanya makundi mawili yafanane kwa vitu ambavyo hujavipima na hutavipima kamwe. Ila 20 kwa 20, kama tofauti halisi ni ya wastani, ile wanayoiita nusu ya mkengeuko sanifu (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi majibu ya watu yanavyotawanyika kuzunguka wastani), nafasi ya utafiti huo kuiona ni kama theluthi moja tu. Theluthi moja! Yaani amewaita watu 40 kwenye jambo ambalo lina uwezekano mkubwa wa kushindwa hata kama yeye yuko sahihi. Ili afikie asilimia 80 anahitaji watu 64 kila kundi. Jacob Cohen alishaonyesha mwaka 1962 kwamba tafiti nyingi za saikolojia zina uwezo mdogo, yaani nafasi ndogo ya kuona tofauti iliyopo kweli, na miaka ikapita watu wanaendelea vilevile kana kwamba hajasema kitu.

Na ubaya wake hauishii kwenye kukosa kitu kilichopo, hapa ndo naomba mtu asome polepole. Tuseme watafiti wana mawazo 1000 wanayotaka kuyapima na 100 tu kati yake ni ya kweli. Kipimo ni kile cha p chini ya 0.05, yaani wazo lisilo la kweli lina nafasi ya asilimia 5 ya kupita, kwaiyo kati ya yale 900 yasiyo ya kweli, 45 yatapita kwa bahati tu. Kama tafiti zina uwezo wa asilimia 80, mawazo 80 ya kweli yatapita pia, jumla 125, na zaidi kidogo ya theluthi ya "ugunduzi" wote ni hewa. Sasa punguza uwezo uwe ule wa watu 20 kwa 20, ya kweli yanayopita ni kama 34, ya uongo bado 45, maana yake zaidi ya nusu ya vitu vitakavyochapishwa ni vya uongo na hakuna mtu hata mmoja aliyedanganya. Ndo maana mtu akisema p ni 0.03 kwaiyo kuna asilimia 97 ya kuwa sahihi, anakosea vibaya. p inakwambia, kama hakuna tofauti yoyote, data kama hizi au za ajabu zaidi zingetokea mara ngapi. Haikwambii nadharia tete yako ina ukweli kiasi gani, na haikwambii tofauti ni kubwa kiasi gani, hilo la ukubwa uliangalie peke yake kwenye wastani wa makundi na upana wa makadirio yake. Ile 0.05 yenyewe Ronald Fisher aliitaja kwenye kitabu chake cha 1925 kama kiwango cha kurahisisha kazi, moja kati ya ishirini, haikushuka kutoka popote.

Alafu kuna uhuru wa mtafiti mbele ya kompyuta, na huu ndo unaniuma kuliko yote kwa sababu unafanywa na watu wazuri. Umekusanya data, tofauti haipo, unaongeza watu 10 unaangalia tena, unamtoa mmoja aliyejibu haraka sana, unajaribu kipimo cha pili cha kumbukumbu kwa sababu ulipima viwili, unaweka umri kama kitu cha kudhibiti, paap, 0.04. Kila hatua ina sababu yake na kila sababu inasikika vizuri. Mwaka 2011 Simmons, Nelson na Simonsohn walichukua njia hizohizo wakaonyesha kwa takwimu halali kabisa kwamba kusikiliza wimbo fulani kuliwafanya washiriki wawe wadogo kwa karibu mwaka mmoja na nusu, sio wajisikie wadogo, WAWE wadogo kwa tarehe ya kuzaliwa. Haiwezekani, na hiyo ndo ilikuwa pointi yao. Wakakokotoa kwamba ukiruhusu uhuru wa aina nne tu kwa pamoja, uwezekano wa kupata matokeo ya uongo unatoka asilimia 5 unafika karibu 61. Miaka minne baadaye watafiti wengi wakiongozwa na Brian Nosek wakarudia tafiti 100 za saikolojia, asilimia 97 za mwanzo zilikuwa na matokeo muhimu kitakwimu, kwenye marudio zikabaki 36. Mi nikiangalia hizo namba sifikirii sifa za maprofesa, nafikiria watu wote waliokaa kwenye vile viti.

Huyo anayejaribu jaribu mpaka apate 0.04 ni mtu mwaminifu aliyejichanganya. Mwongo kamili yupo pia, Diederik Stapel wa Uholanzi alikuwa anatunga data mwenyewe na kuwapa hata wanafunzi wake wa udaktari waziandikie tasnifu, akagundulika 2011 baada ya watafiti vijana kusema, na zaidi ya makala 50 zikafutwa. Wale vijana walihatarisha kazi zao, nawaheshimu sana.

Kuhusu kujichanganya kuna kisa cha zamani ambacho kila anayeanza utafiti akisome, farasi Hans wa Berlin aliyekuwa anajibu hesabu kwa kugonga kwato. Oskar Pfungst akachunguza, ripoti yake ya 1907 ikaonyesha farasi anasoma mwili wa anayemuuliza, muulizaji akijua jibu farasi anapata, asipojua farasi anakosa, na wala muulizaji hajui kama anatoa ishara. Miaka ya 1960 Robert Rosenthal akawapa wanafunzi panya wa kawaida, wengine wakaambiwa panya wao ni wa ukoo wenye akili, wengine wakaambiwa wao wamepata wazito, na kweli wale "wenye akili" wakafanya vizuri zaidi kwenye njia za kupotea potea. Kama matarajio yanahamia kwa panya, yatashindwaje kuhamia kwa mtu mnayeongea lugha moja na unayemtabasamia pale akijibu unavyotaka? Kwaiyo anayepima asijue nani yuko kundi gani. Ni kazi kidogo, inahitaji mtu wa pili tu, na inashangaza jinsi inavyorukwa.

Sampuli niigusie tu. Henrich na wenzake waliandika 2010 kwamba asilimia 96 ya washiriki wa tafiti za saikolojia walitoka kwenye nchi zenye asilimia 12 ya watu wa dunia, wengi wao wanafunzi wa chuo, na bado hitimisho linaandikwa "binadamu hufanya hivi". Ile kanuni ya haki ya Belmont inahusu na hapa pia, nani anahesabiwa kuwa binadamu wa kutolea mfano.

Sasa kwa wewe unayejiandaa kuanza utafiti wako wa kwanza, kabla hujamwita hata mtu mmoja kaa chini uandike swali lako, kipimo kimoja kikuu, idadi ya watu na umeipataje, ni nani utamtoa kwenye data na kwa sababu gani, na hesabu utakayoifanya, alafu usajili huo mpango kwenye intaneti wenye tarehe. Baadhi ya majarida, Cortex likiwa kati ya yaliyotangulia, 2013, yanapitia mpango na kuukubali kabla data hazijakusanywa, matokeo yakitoka yoyote wanachapisha. Kama watu unaohitaji ni 128 na wewe unaweza kupata 40, ungana na wenzako watatu mkusanye kwa pamoja kwa utaratibu mmoja, au badili swali, kwa mfano mpime mtu yuleyule mara mbili, usiku aliolala na usiku aliokaa macho, kwa mpangilio uliogawanywa kwa bahati nasibu, hapo watu wachache wanatosha kwa sababu kila mtu analinganishwa na nafsi yake. Na ukimaliza bila kuona tofauti iandike hivohivo, weka wastani wa makundi yote, mkengeuko sanifu, walioacha katikati wangapi, alafu uwatumie washiriki ukurasa mmoja kwa lugha ya kawaida kuwaeleza uliuliza nini na umepata nini.